Picha Zako Ziko Wapi? Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kumkabidhi Fundi Simu Iliyoharibika

(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya watumiaji wa huduma za mawasiliano)





Nimeombwa nizungumze juu ya haki za mtumiaji pale simu yake inapoharibika. Kwa idhini yenu nitaanza na habari ya nyumbani kwetu, kisha nitazifikia haki hizo. Nimekaa kwenye dawati la malalamiko muda wa kutosha kutambua jambo moja: mtu anapofika na simu iliyokufa mkononi, aghalabu si simu inayomliza. Simu inanunulika. Anachokitafuta ni picha zilizomo ndani yake, na mara nyingi anafika kwetu baada ya picha hizo kwisha kufutwa na mtu aliyelipwa kuitengeneza simu.

Mwaka jana Mama yangu alikuwa akivuka kwa pantoni pale Pangani. Simu ikamponyoka, ikatumbukia kwenye maji ya mdomo wa mto, ambayo bahari ikijaa huwa ni chumvi tupu. Kijana mmoja aliiopoa. Mama akaipangusa kwa kanga, akaiwasha, ikawaka. Akaiweka kwenye chaji, ikazimika. Kesho yake ikawa inaonyesha nembo ya mtengenezaji tu, inazima, inawaka tena, inaonyesha nembo ileile. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akamwuliza, "Mama, unataka iwake?" Mama akajibu ndiyo. Nani angejibu vinginevyo? Jioni akarudishiwa simu inayowaka, akalipa shilingi elfu ishirini, akashukuru. Alipofungua mahali pa picha hakukuta hata moja. Ndani yake zilikuwamo picha za marehemu Baba, pamoja na zile za miezi yake ya mwisho, alipokuwa akikaa barazani na wajukuu.

Simtetei fundi huyo, wala simlaumu kupita kiasi. Aliulizwa jambo moja akalitimiza. Kosa lilikuwa katika swali. Simu na picha ni vitu viwili, na njia ya kuokoa kimoja inaweza kukiangamiza kingine. Kwa hiyo mtu anayetaka picha zake hana budi kulitamka hilo kabla simu haijafunguliwa skrubu ya kwanza.

Alichokifanya fundi ndicho kiitwacho mtaani kuflashi, yaani kuuweka upya mfumo unaoiendesha simu. Kwa kawaida kazi hiyo huambatana na kufuta kila kilichowekwa na mwenye simu. Zamani, simu zikiwa za kizazi cha mwanzo, mtu mwenye vifaa aliweza hata baada ya hapo kuchimbua kumbukumbu na kuokota picha moja moja. Wazee kadhaa wameniambia, "Lakini mwaka ule fulani alinirudishia." Wanasema kweli. Kilichobadilika ni kwamba simu za leo huandika taarifa kwa kuzisimba, maana yake huzigeuza kuwa mafumbo yasiyosomeka bila ufunguo maalumu. Simu za iPhone zilizofungwa kwa namba ya siri zimekuwa zikilinda picha kwa namna hii tangu toleo la mfumo la mwaka 2014. Kwa upande wa Android, sharti hilo lilianza kwa simu mpya zenye uwezo wa kutosha mwaka 2015, na kuanzia toleo la Android 10 la mwaka 2019 likazihusu simu zote mpya zinazotoka na mfumo huo.

Ufunguo huo hukaa katika sehemu iliyolindwa ndani ya simu yenyewe, na huungana na namba ya siri unayoibonyeza wewe kila siku. Hapa pana mambo mawili ambayo mtumiaji anapaswa kuyaelewa vizuri. La kwanza ni kwamba chipu ya kumbukumbu haiwezi kung'olewa kutoka kwenye simu mbovu na kusomwa kwenye simu nzima; itasomeka kama mchanga. Ili picha zitoke, bodi ileile ya simu ileile lazima iamke, hata kwa nusu saa, na mwenyewe awepo aifungue kwa namba yake. La pili ni kwamba simu ikishafutwa, ufunguo nao huharibiwa. Mafumbo huenda bado yamo kwenye chipu, ila hakuna tena awezaye kuyafumbua, si fundi wa mtaani, si wa Dubai, si mtengenezaji. Mtu anayekuahidi kukurudishia picha kutoka ndani ya simu ya kisasa iliyokwisha kuflashiwa na kufutwa anakuuzia kitu asichokuwa nacho.

Hata hivyo, taarifa hizi zina upande wa faraja, nao hausemwi vya kutosha. Simu nyingi zinazoletwa kwetu kama "zimekufa" picha zake ni nzima kabisa.

Tuchukue kioo kilichopasuka. Simu inaanguka, skrini inakuwa nyeusi, lakini ukipigiwa inaita na kutetemeka. Hiyo ni simu iliyo hai; kilichokufa ni dirisha lake. Fundi anaweza kuifungia skrini ya majaribio kwa muda mfupi, wewe ukaweka namba ya siri, picha zikanakiliwa kwenye kompyuta au flashi, kisha skrini ikaondolewa ukaamua kwa utulivu kama unanunua mpya. Ikiwa skrini bado inaonyesha lakini haisikii kidole, simu nyingi za Android hupokea kipanya cha kompyuta kupitia kiunganishi kidogo cha bei nafuu, ukabonyeza kwa kipanya badala ya kidole. Baadhi ya simu zenye tundu la USB-C zinaweza hata kuonyesha picha yake kwenye runinga, ingawa si zote, na za bei ya chini mara nyingi hazina uwezo huo. Angalizo: kuichomeka simu iliyofungwa kwenye kompyuta hakutoshi. Bila namba ya siri kompyuta itaona simu, haitaona picha.

Kuhusu maji nitasema kwa kifupi, maana wengi mnajua nusu yake. Izimeni simu mara moja, msiiwashe "kuangalia kama inawaka", na msiitie chaji. Umeme ukikutana na maji, hasa ya chumvi, ndipo bodi inapoungua na kuliwa na kutu. Mchele hausaidii, kampuni ya Apple katika maelekezo yake imewaonya wateja wasiiweke simu ndani ya mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuidhuru zaidi. Mpelekeeni fundi siku hiyohiyo, na mwambieni ukweli kwamba ni maji ya bahari. Wapo wanaoona haya wakasema "ilijizimia tu". Fundi asiyejua pana chumvi hataisafisha bodi, na kila siku inayopita chumvi inaendelea kula.

Kadi ya kumbukumbu, kama simu yako ina kadi, ni habari nyingine na kwa kawaida ni habari njema: itoe, iweke kwenye simu nyingine. Isipokuwa kama siku ya kwanza simu ilikuuliza uitumie kadi kama sehemu ya kumbukumbu ya ndani nawe ukakubali. Hapo kadi husimbwa na kusomwa na simu ile tu. Picha zilizofutwa kwa bahati mbaya kwenye kadi ya kawaida mara nyingi hurudi, mradi usipige picha mpya juu yake. Fundi atumie kompyuta na programu kama PhotoRec, ambayo hutolewa bure. Lakini zile programu za simu zinazojitangaza kwamba zitarudisha "picha zote zilizofutwa" ziepukeni. Nyingi hukuonyesha vijipicha vidogo vilivyobaki kwenye makabrasha ya simu, zikakudai fedha, na tangu mwanzo zimeshakuomba ruhusa ya kusoma mafaili yako yote.

Sasa nirudi kwa Mama, kwa sababu habari yake haikuishia kwa fundi.

Simu ilipowashwa upya ilimdai aingize akaunti ya Google iliyokuwamo awali. Huo ni ulinzi dhidi ya wezi: simu ikifutwa kwa njia isiyo ya kawaida, haifunguki mpaka mwenyewe ajitambulishe. Mama hakujua akaunti gani. Fundi akamwambia asihangaike, akairuka hatua hiyo kwa ujanja wake, akamfungulia akaunti mpya. Mama alipokuja kunisimulia, nilimwuliza, "Mama, ile barua pepe ya zamani ulifungua lini?" Akasema hakuwahi kufungua barua pepe maishani mwake. Alifunguliwa na kijana wa dukani siku aliponunua simu.

Wangapi humu ndani walifunguliwa akaunti na kijana wa dukani? Nanyosha mkono wangu kwanza, maana simu yangu ya kwanza ilikuwa hivyohivyo. Kijana anaandika jina analolikumbuka, anaweka nywila inayomjia kichwani, anakukabidhi simu inayofanya kazi, nawe unaondoka ukiwa umefurahi. Akaunti ile ndiyo kabati ambamo simu itaziweka nakala za picha zako kimyakimya kwa miaka. Ufunguo wa kabati ameondoka nao kijana, naye mwenyewe keshausahau. Kwa maoni yangu hili ni tatizo kubwa kuliko vioo vyote vilivyopasuka nchini, na halionekani kwa macho mpaka siku ya msiba.

Tulichokifanya ni hiki. Laini ya Mama ilikuwa salama, tukaiweka kwenye kitochi. Google ina ukurasa wa kumsaidia mtu aliyesahau anwani yake: unaingiza namba ya simu iliyoandikishwa na jina kamili lililo kwenye akaunti, kisha hutumiwa namba ya uthibitisho. Namba ya simu tulikuwa nayo. Jina ndilo lililotusumbua. Tulijaribu jina lake la kwenye kitambulisho, likakataa. Tukajaribu na jina la marehemu Baba, likakataa. Mwishowe mdogo wangu akasema, "Jaribuni jina analoitwa mtaani." Likakubali. Ujumbe ukaingia kwenye kitochi, tukabadilisha nywila, tukaingia.

Picha za Baba zilikuwamo, zaidi ya elfu mbili, pamoja na nyingine nyingi za kuku na za migomba. Mama alikaa nazo mpaka adhana ya alfajiri. Lakini zilikoma ghafla, miezi saba kabla ya Baba kufariki.

Sababu tuliikuta kwenye sanduku la barua la akaunti hiyohiyo, ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Kulikuwa na maonyo mfululizo kwamba nafasi imejaa. Google humpa kila mwenye akaunti gigabaiti 15 bila malipo, na nafasi hiyo ni moja kwa ajili ya barua pepe, mafaili na picha kwa pamoja. Mpaka Mei 2021 picha za ubora wa kupunguzwa zilihifadhiwa bila kuhesabiwa. Kuanzia tarehe 1 Juni mwaka huo kila picha mpya inahesabiwa. Baadaye nakala rudufu za WhatsApp kwenye simu za Android, ambazo nazo zilikuwa hazihesabiwi, zikaingizwa kwenye hesabu hiyohiyo. Mama yangu yumo katika makundi kumi na moja ya WhatsApp. Kila asubuhi hupokea maua ya waridi, video za mawaidha na salamu za Ijumaa zenye muziki. Salamu hizo ndizo zilizoijaza nafasi. Picha za mumewe zikakosa pa kukaa.

Natamani nikicheke kisa hiki, na siku nyingine tunakicheka nyumbani. Lakini kina somo la kiutendaji: hifadhi ya wingu haipigi kelele inapokoma. Simu inaendelea kupiga picha, picha zinaonekana kwenye skrini, na mtu anaamini ziko salama mahali fulani juu. Huko juu, kwa kweli, ni chini. Neno wingu limetupotosha kidogo. Ni kompyuta zilizo ndani ya majengo, na majengo yana matatizo ya majengo. Mwezi Machi 2021 jengo la kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, liliungua moto, na wateja waliokuwa wameweka nakala zao zote mahali pamoja walizipoteza. Na hata jengo likiwa zima, njia ya kulifikia inaweza kukatika. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti yetu ikazorota kwa siku kadhaa. Waliokuwa na picha kwenye wingu hawakupoteza kitu siku zile, ila hawakuweza kuzifikia kwa urahisi.

Pana jambo jingine linaloleta vilio kwenye dawati letu. Watu hudhani wingu ni ghala: ukishaweka, kimewekwa. Mara nyingi ni kioo cha kujitazamia. Ukifuta picha ndani ya programu ya Google Photos ili upate nafasi kwenye simu, unaifuta na kule kwenye wingu. Kwenye iPhone yenye kutumia iCloud ni vivyo hivyo, na inafutika kwenye vifaa vyako vyote. Kama lengo ni kupata nafasi kwenye simu, Google Photos ina amri maalumu ya kuondoa kwenye simu zile picha tu ambazo nakala zake zimeshapanda. Aliyekosea na kufuta asikate tamaa siku ileile, maana picha hukaa kwenye pipa la taka la programu kwanza: kwa Google Photos siku 60 kama nakala ilikuwa imepanda, na kwa Apple siku 30. Baada ya hapo hatuna la kumsaidia. iCloud, kwa wanaouliza, hutoa bure gigabaiti 5 tu, na hizo kwa mpiga picha wa kawaida huisha upesi.

Tena, picha mnazopokea kwa WhatsApp kwa kawaida hazipandi zenyewe kwenye Google Photos. Programu huchukua zile zilizopigwa kwa kamera. Kabrasha la WhatsApp lazima ulichague mwenyewe kwenye mipangilio. Ukilichagua, jiandae kupandisha na maua ya waridi.

Mtaniuliza juu ya gharama ya bando. Swali la haki. Picha moja ya simu ya kawaida huwa na ukubwa wa megabaiti tatu hivi, kwa hiyo picha elfu moja ni kama gigabaiti tatu. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayezipandisha hizo kwa kifurushi cha siku. Wekeni mipangilio ipandishe kwa Wi-Fi tu, kisha mara moja kwa mwezi mkae mahali penye Wi-Fi mnayoiamini, kwa mtoto, ofisini, simu ikiwa kwenye chaji. Asiyepata Wi-Fi kabisa ana njia ya zamani, nayo bado ni nzuri: flashi, au kompyuta ya ndugu. Flashi nayo hufa, kwa hiyo isiwe peke yake.

Na mtajuaje kama nakala kweli zimepanda? Si kwa kuangalia simu yako mwenyewe. Ingieni kwenye akaunti yenu kupitia kifaa kingine, simu ya binti au kompyuta, na mtazame picha ya mwisho iliyoko kule ni ya tarehe gani. Kama ni ya jana, vizuri. Kama ni ya mwaka juzi, mmegundua mapema kuliko Mama yangu. Mkimaliza, ondokeni kwenye akaunti. Kuna mzee mmoja alifanya jaribio hili kwenye simu ya kijana wake, akasahau kutoka, na kwa muda mrefu picha za ukoo mzima zikawa zinamfikia mkwewe.

Katika kuingia huko mtakutana na jambo la nywila, na hapo ndipo namba ya simu inapokuwa na thamani kubwa. Laini iliyoandikishwa kwenye akaunti msiitupe. Simu ikiibiwa au kuzama pamoja na laini, nendeni mkairudishe laini kwanza, kwa kitambulisho cha Taifa na alama za vidole, kabla ya kushughulika na jambo lolote jingine. Laini iliyokaa bila kutumika hufungwa, na namba hupewa mtu mwingine. Ujumbe wa uthibitisho wa akaunti yako utaingia kwake. Akaunti nayo isiachwe ilale. Google imejiwekea haki ya kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na vilivyomo.

Sasa haki, kama nilivyoahidi.

Unapompelekea fundi simu kwa ajili ya picha, dai risiti, na risiti hiyo ibebe zaidi ya bei. Iandikwe jina la fundi au duka, aina ya simu na namba yake ya utambulisho ya IMEI, na maneno haya au yanayofanana nayo: "Simu imeletwa kwa ajili ya kuokoa picha. Isiflashiwe wala kufutwa bila idhini ya maandishi ya mwenyewe." Fundi mzuri hatakasirika, atafurahi kujua unachotaka. Mwulize kama kuna njia ya kurekebisha mfumo bila kugusa taarifa, kwa kuwa kwa baadhi ya simu njia hiyo ipo, ingawa ina kazi zaidi. Kubalianeni mapema: gharama ya kuchunguza ni kiasi gani, na kama picha hazikupatikana utalipa nini. Ukikuta fundi anasema hana vifaa vya kufufua bodi, mshukuru, uchukue simu yako uende kwa mwingine ikiwa bado haijaguswa. Huyo amekutendea wema mkubwa.

Namba ya siri uiweke mwenyewe, na ukae pale picha zinaponakiliwa, kama inawezekana. Najua foleni ya fundi na najua shughuli zenu. Lakini ndani ya simu mna vitambulisho, ujumbe wa benki, picha za watoto, na pengine picha ambazo mtu hangependa zionwe na yeyote. Kuingia kwenye kifaa cha mtu na kutazama au kuchukua kilichomo bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kukupa simu ya kutengeneza si idhini ya kupekua. Picha zako zikivuja, hilo ni jambo la polisi. Kama ni biashara iliyokusanya au kutumia taarifa zako isivyo halali, malalamiko yanapelekwa pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanzishwa kwa Sheria ya mwaka 2022. Na mfanyabiashara anayetangaza kwamba atarudisha picha kwa uhakika huku akijua haiwezekani, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kwa namna hiyo. Katika yote haya, ile karatasi yenye maandishi ndiyo itakayozungumza. Mama hakuwa na karatasi. Alikuwa na neno "ndiyo".

Ile miezi saba tuliipunguza kidogo. Mama aliwapigia simu mmoja mmoja wale aliowahi kuwatumia picha. Shangazi yangu wa Unguja alikuwa nazo karibu arobaini, kwa sababu huwa hafuti kitu. Kaka wa Morogoro alikuwa nazo tatu. Mwalimu wa madrasa aliyewahi kuja kumjulia hali Baba alikuwa na video ya dakika moja ambayo sisi hatukuijua kabisa. Picha zilizopita WhatsApp huwa zimepunguzwa ubora, na tulipotaka kukuza moja kwa ajili ya fremu ilitoka na ukungu. Tumeiweka ukutani hivyohivyo. Kwa hiyo aliyepoteza picha awaulize watu mapema, kabla nao hawajabadilisha simu, na awaombe wazitume kama faili la hati, si kama picha, zisipunguzwe mara ya pili.

Ndugu Mwenyekiti, naona umetazama saa. Mwenzangu ameweka kompyuta kwenye meza iliyo karibu na mlango. Yeyote anayetaka kuijua akaunti iliyomo kwenye simu yake, au kutafuta ya zamani iliyopotea, aje na laini yake, hata kama ipo kwenye kitochi, na ajaribu kukumbuka majina yote anayoitwa. Nywila mtaandika wenyewe. Sisi tutaangalia dirishani.